Shimo Tulilolikanda

Maji ya kumwoshea baba yangu yalichemshwa nyuma ya nyumba, kwenye sufuria ya shughuli, juu ya mafiga ya mawe. Mimi nilikuwa ndani nimeshika kalamu. Wazee wa Korogwe walitaka wasifu wa marehemu uwe tayari kabla ya adhuhuri, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, kazi ikaniangukia. Katika koo zetu msomi ni yule mtu wa kuandikishwa uongo. Upepo ukageuka, ukaniletea dirishani harufu ya moshi wa kuni na mvuke wa maji ya moto yaliyomwagikia udongo. Kalamu ikaniganda. Nilikuwa nimerudi Murungu, Kibondo, nina miaka tisa, nimeshika faneli.

Baba mdogo akachungulia mlangoni. "Zaina, mwanangu, usisahau kuandika kwamba alishirikiana na wataalamu kupima joto la ardhi. Alipenda sana kulitaja hilo."

Alipenda, naam. Alilitaja kwenye harusi, kwenye vikao vya shule, hata kwa kinyozi. Sijui mtu mwingine aliyeng'ang'ania aibu yake mpaka ikageuka kuwa cheo. Nikaliandika, kwa mwandiko mzuri.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia. Serikali ilimpangia Kibondo kutoka Tanga, naye aliishi kule miaka yote kama mtu aliyeshushwa basi kituo kisicho chake. Kila kitu kilimchefua. Baridi ya asubuhi ilimchefua, udongo mwekundu ulimchefua, maharage ndiyo kabisa. Lakini hakuna kilichompa raha ya kuchefuka kama salamu za Waha. Kule watu wakikutana njiani wanasimama, wanainama kidogo, wanapiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye," wanaulizana habari za mtu mmoja mmoja, za mbuzi, za shamba, hawana haraka. Baba aliwaigiza mezani. Alikunja magoti, akalaza shingo upande, akapiga makofi yale huku amelegeza midomo, nasi tukacheka mpaka tukapaliwa. Mama, muuguzi wa zahanati, naye alicheka huku akisema, "Acha, Baba Zaina, watasikia." Ndivyo waungwana wanavyosema endelea.

Aliandika barua za uhamisho, nyingi. Zilikwenda zikakaa huko zilikokwenda. Ndipo wakaja wale wa joto la ardhi.

Walikuja na magari mawili na lori la mashine ya kuchoronga miamba. Mkuu wao alikuwa mwanamke, tulimwita Injinia tu. Aliitisha mkutano wa kijiji, akaeleza kwa mfano wa ugali. Ugali ukiepuliwa, alisema, juu unaweka ganda na unapoa, lakini ukichoma kidole ndani unaungua. Dunia ni hivyohivyo. Kule Ziwa Tanganyika, kwenye bonde la ufa, ganda linavutwa huku na huku na limekuwa jembamba, kwa hiyo wao wanataka kujua huku kwetu juu milimani joto linapanda kwa kiasi gani. Wanatoboa shimo refu jembamba, wanashusha kipimajoto kwa waya, wanasimama kila baada ya mita kadhaa, wanasubiri, wanasoma. Tena wanachukua vipande vya mwamba kwenda kupima unapitisha joto upesi kama kijiko cha bati au polepole kama mwiko. Wamama wa kijiji walielewa. Niliwaona wanatikisa vichwa. Baba, mwenye stashahada, alikuwa mbele kabisa akitafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili.

Walichoronga siku kadhaa pembeni mwa shamba la mihogo la Mzee Balinda. Kelele zile zilifika mpaka darasani. Vipande vya mwamba vilitoka virefu na mviringo, vikalazwa kwenye masanduku ya mbao kama sabuni za miche. Walipomaliza, bomba la chuma likabaki limesimama juu ya ardhi, kimo cha goti langu, lina kifuniko na kufuli. Injinia akasema shimo sasa lipumzike majuma kadhaa. Kuchoronga kumelivuruga joto lake, likipimwa leo litadanganya. Likiachwa litasahau mashine na kurudia hali yake, ndipo watakuja kulipima. Lisiguswe.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Kipimajoto nilichokijua ni kile cha mama cha kwapani. Mtoto akikutwa na homa kali pale zahanati, gari lilikuja likampakia yeye na mama yake, likawapeleka hospitali ya mjini. Kwa hiyo nikaamini kwamba ardhi ya Murungu inashukiwa kuumwa, na ikikutwa na homa kali, sisi tulio juu yake tutapakiwa garini. Nilijua hata tutakakopelekwa. Tutapelekwa Tanga.

Usinicheke. Maelezo ya baba hayakuzidi hayo kwa akili. Injinia alikuwa ametamka, tena huku anafunga buti, kwamba joto likiwa zuri huenda siku moja serikali ikafikiria umeme wa mvuke. Baba akasikia humo jina lake. Usiku huohuo, kichwani mwake, alikuwa mratibu wa mradi, ana ofisi, ana gari. "Wataniacha wapi?" alimwambia mama. "Msomi hapa ni nani mwingine? Shimo likiwa na moto, sisi tumeondoka."

Mlinzi wa shimo alikuwa Mzee Balinda mwenyewe, kwa kuwa shamba ni lake. Alikuwa mfuga nyuki, mwembamba, ananuka moshi na nta, na maneno yake ukiyahesabu kwa siku hayajazi kiganja. Injinia alimpa kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa na ufunguo wa kufuli, akamwambia, "Mzee, ufunguo huu usitoke hapa shimoni." Angekuwa mtu mwingine angeuning'iniza nyumbani kwake. Balinda alijenga kibanda cha majani pale bombani, akalala pale, akala pale. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba. Binti yake Yusta, tuliyekaa naye dawati moja, alimpelekea chakula kila siku, nami nilifuatana naye. Mzee akituona alianza kupiga makofi tukiwa bado mbali. "Mwakeye, mwana wanje." Mimi nilibana midomo nisicheke, maana niliiona sura ya baba.

Jumapili mbili Balinda hakwenda kanisani kwa sababu ya lile neno la Injinia. Kwa mtu kama yeye hiyo haikuwa kitu kidogo, Yusta aliniambia baba yake halali vizuri. Jumapili ya tatu baba yangu akatokea pale kibandani, mimi nyuma yake, uso wake umejaa huruma.

"Mzee, nenda kasali. Sisi ni watu wa Ijumaa, leo hatuna shughuli. Nitakulindia."

Balinda akafikiri. Akavua ile kamba shingoni, akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. "Ego, sawa, mwalimu. Injinia alisema usitoke hapa. Nimekuachia weye hapa, basi haujatoka. Imana akubariki." Akaondoka na kizibao chake mwilini, maana alisali nacho pia.

Alipopotelea kwenye migomba, baba akavua shati. Kumbe sufuria kubwa ya shule ilikuwa kichakani tangu alfajiri, na madumu ya maji, na kuni. Akawasha moto kwenye mafiga. Nikamuuliza tunafanya nini.

"Tunaikanda ardhi," alisema. "Mama akijifungua si hukandwa maji ya moto? Hii nayo imechorongwa, imepoa. Tunairudishia joto lake."

Nikaona ni haki kabisa. Kama ardhi ni mgonjwa, kukandwa ni kwake. Alifungua kufuli, akachomeka faneli ya mafuta ya taa kwenye mdomo wa bomba, akaniambia niishike isiyumbe. Akamimina dumu baada ya dumu. Maji yaligugumia huko chini, bomba likaanza kupata moto, mvuke ukanipiga usoni una kutu na mafuta ya taa na udongo. Vidole viliniungua nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nashiriki. Baba alikuwa anaimba. Nakikumbuka kifua chake chembamba ndani ya fulana, na jasho, na furaha. Sijapata kumwona na furaha kama ile tena, na leo ninapoikumbuka natamani kumtemea mate. Mtu anafundisha watoto wa watu kuwa joto la dunia linatoka chini, halafu anakwenda kulimimina kwa juu kwa faneli. Hata kudanganya kunataka shule.

Balinda aliporudi alikuta moto umezikwa, majivu yametawanywa, kufuli limefungwa, mwalimu amekaa kivulini anasoma gazeti la zamani. Alipokea ufunguo wake, akapiga makofi ya shukrani. Baba naye akapiga, vizuri sana. Mazoezi alikuwa nayo.

Kesho yake, siku ya kupima, kijiji kizima kilikuja. Injinia alishusha waya wake taratibu, akasimama, akasubiri, akasoma, kijana wake akaandika. Mwanzoni alikunja uso. Kadiri waya ulivyozidi kwenda chini ndivyo alivyozidi kukunja. Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu aliyesafiri siku mbili kwa gari.

"Juu ni moto, chini ni baridi, chini zaidi ndiyo linaanza kupanda kama kawaida," alisema. "Mmeona wapi ugali wa hivyo? Dunia haichemki kutoka juu. Nani amelimwagia hili shimo maji ya moto?"

Nikamtazama baba. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi, nami kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba tulichofanya si dawa. Ndipo akasogea mbele, akakohoa kidogo, akaanza kwa ile sauti yake ya darasani.

"Injinia, uwasamehe ndugu zetu hawa. Ni mambo ya mila. Hapa ardhi ikichimbwa, akina mama huja kuikanda kwa maji ya moto, kama mzazi. Nimejitahidi kuwaelimisha, lakini unajua tena vijijini."

Hakuna mila kama hiyo. Haijawahi kuwapo Murungu wala Kasanda wala Kumsenga. Aliitunga pale amesimama, nyani asiyeona kundule, akawavisha watu waliompa maharage na ndizi tangu siku ya kwanza. Wamama wakaguna. Mmoja akasema kwa nguvu, "Yemwe! Nani amekanda?" Mwenyekiti wa kijiji akamnyamazisha, asimkatize mwalimu. Injinia alikuwa ameshatoa daftari anaandika ile mila. Halafu, mwanasayansi yule, akaniona mimi nimesimama mbele ya watu.

"Tumuulize mtoto," alisema. "Watoto hawadanganyi." Sijasikia upumbavu mkubwa kuliko huo, na nimehudhuria semina nyingi. "Haya, mtoto mzuri. Uliona nani akimwaga maji hapa?"

Baba hakunitazama. Alitazama miguu yangu. Upande wa pili Mzee Balinda alikuwa ameshika ufunguo kifuani, naye ananitazama usoni. Yusta alikuwa ubavuni kwake.

"Wamama," nilisema. Na kwa kuwa uongo ulio uchi hauaminiki, nikauvisha. "Walikuwa wanaikanda, huku wanapiga makofi. Hivi." Nikapiga yale makofi ya mezani, na shingo nikailaza upande.

Vijana wa Injinia wakacheka. Injinia akaandika.

Akamgeukia Balinda. "Mzee, ufunguo ulikuwa na nani?"

"Ulikuwa hapa."

"Hapa kwa nani?"

"Hapa shimoni. Haukutoka."

"Kwa hiyo uliwafungulia wewe?"

Nilisubiri. Maneno mawili tu yalikuwa yanatosha, Jumapili, mwalimu. Kijiji kizima kingeelewa, baba angeishia palepale. Balinda akamtazama baba, akanitazama mimi tena, kwa muda. Akasema, "Mlinzi ni mimi. Kosa ni la mlinzi."

Akavua kizibao, akakikunja mara nne kwa uangalifu, akakiweka juu ya bomba pamoja na ufunguo. Akaondoka kupitia mihogo yake na mikono mitupu. Yusta akamfuata, naye hakugeuka nyuma.

Waliolichimba hawakungoja shimo lipumzike tena. Waliliziba kwa saruji wakahamishia kazi yao wilaya nyingine. Vijana wa sokoni walimpa Balinda jina la Mzee Maji Moto. Mwanzo lilikuwa la utani, baadaye watoto wakalifanya wimbo, wakamwimbia hata akitoka kanisani. Kabla ya mvua za vuli alibeba mizinga yake akahamia Kasulu kwa ndugu yake. Dawati likabaki la kwangu peke yangu, nikatandaza viwiko. Baba alipata uhamisho wake mwaka uliofuata, kwa cheti cha daktari cha ugonjwa wa kifua, ugonjwa uliopona Korogwe stendi tulipokuwa tunashusha mizigo.

Mama alijua. Jumatatu ile aliikuta faneli yake ya mafuta ya taa imejikunja kwa joto, akaigeuza mkononi, akaitupa, akanunua nyingine. Katika nyumba yetu hiyo ndiyo ilikuwa hukumu.

Nilikua nikimdharau baba, na sikuona haja ya kuficha sana. Alipoanza ile hadithi yake ya wataalamu na joto la ardhi, niliinuka nikaenda kuosha vyombo. Lakini nikisema kweli yote, na siku hizi hakuna wa kunizuia, kulikuwa na mtu niliyemdharau zaidi. Ni Balinda. Baba alikuwa mwongo, sawa, mwongo ana faida yake. Yule mzee alikuwa na ukweli mdomoni akaumeza kwa nini? Kwa woga wa mwalimu? Kwa ushamba? Nikajijibu kwa maneno yaleyale ya baba: hawa ndivyo walivyo. Na nilihitaji awe mjinga. Kama alikuwa mjinga, basi wa kulaumiwa kwa yaliyompata alikuwa yeye, si mtoto mzuri aliyelaza shingo upande.

Baba mdogo aliusoma wasifu kabla ya maziko. Waliniambia watu walitikisa vichwa kwa kukubali alipofika kwenye joto la ardhi.

Miezi michache baadaye kazi ilinipeleka Kasulu. Nami ni mwalimu, wa kufundisha walimu wenzangu, damu haikupotea. Mchana wa mapumziko nikaingia sokoni kutafuta asali. Mwanamke mmoja alikuwa anachuja ya kwake kwa kitambaa ndani ya ndoo nyeupe, ananuka moshi na nta, na nilimjua kabla hajainua uso.

"Zaina wa mwalimu," alisema Yusta, kama tuliachana juzi. Akakausha mikono kwenye kitenge. Mzee wake alikuwa ameshafariki, zamani kidogo, kifo cha kitandani. Nikampa pole. Nikamwambia na wangu amefariki. Akanipa pole, tena ya kweli, akauliza aliugua nini, akauliza mama yuko wapi, amebaki na nani. Sikuweza kuvumilia.

"Yusta, yale maji tulimwaga sisi. Mimi na baba."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Data aliwaona." Ndivyo alivyomwita baba yake. Alirudi kwenye kuchuja kwake, asali ilikuwa inaganda. "Jumapili ile alisahau miwani kibandani, akarudi nusu ya njia aichukue. Aliwaona kutoka kwenye migomba. Mwalimu anamimina, weye umeshika faneli. Akaiacha miwani, akaenda kusali hivyohivyo."

"Sasa mbona hakusema?" Sauti ilinipanda, watu wakageuka. "Alikuwa na haki yote. Mbona alikubali waimbe vile? Mbona hakusema?"

Yusta akaacha kitambaa. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maharage hupikwa.

"Aseme vipi, na weye umesimama pale? Mama alimgombeza sana. Yeye akajibu mara moja tu. Alisema, mtu mzima havuliwi nguo mbele ya mwanae. Akasema, yule mtoto ana baba mmoja."

Alinijazia dumu, akalifuta mdomo, akafunga kifuniko kwa nailoni kisivuje njiani. Baba niliyekuwa namvua nguo kila siku tangu nipate akili, mtu wa kwanza na wa mwisho kumfunika alikuwa Balinda, kwa kizibao chake mwenyewe, na nilimwita mjinga.

Yusta akanikabidhi dumu kwa mikono miwili. Halafu akainama kidogo, kama wanavyoaga kwao, akaanza kupiga makofi taratibu, hana haraka, akinitakia safari njema na kumwombea mama yangu. Alikuwa anangoja niitikie. Nililiweka dumu chini. Nikainua mikono, ikabaki imesimama hewani, kwa maana katika miaka yote niliyoishi nao makofi niliyojifunza ni yale ya baba, ya mezani.